UZI: Kisiwa kimezama, kiti chao barazani kibaki au kife? (Naandika hadithi, nipingeni)

1. MtunziWaMwera
Asalaam alaykum wadau. Ndiye mie yule wa hadithi ya joka, ninayeirusha kipande kipande kila Alkhamis. Nimekwama sura ya 14. Si kwenye mapenzi wala vita, nimekwama kwenye siasa.

Kwa wasioifuata: kuna ufalme wa visiwa. Kisiwa kimoja, Wimbi, kilizama usiku mmoja joka la baharini lilipogeuka usingizini. Waliookoka walivuka kwa ngalawa, mfalme akawapa mikoko ya magharibi ya mji wake, wakakata, wakafukia, wakajenga. Miaka 60 hiyo. Baraza la Mfalme lina viti 21. Ishirini ni vya mitaa na visiwa vilivyobaki, kimoja ni cha Wawimbi. Hakijaongezwa wala kupunguzwa tangu siku walipofika. Mwenye kiti hicho husema wa mwisho, vikombe vya kahawa vimeshakusanywa.

Na lipo sharti: anayekikalia lazima aapishwe kwa mchanga wa Wimbi. Bibi mmoja alitoka usiku ule na kibuyu cha mchanga aliokuwa nao jikoni wa kusugulia masufuria, ndiyo mali pekee ya kisiwa iliyosalia. Kila mwenye kiti mpya hutiwa chembe chache chini ya ulimi. Sasa kibuyu kimebaki na mchanga wa kiganja kimoja.

Mzee Makame, mwenye kiti, amefariki. Mjukuu wake Mize hataki kuapishwa. Kazaliwa mikokoni, anataka kugombea kiti cha mtaa wa mjini kama watu wengine. Wazee wanamwambia ukifanya hivyo umekizamisha kisiwa mara ya pili.

Mie nipo na wazee. Kiti kimoja cha uhakika ni bora kuliko kura elfu zilizotawanyika. Nipingeni, nina mpaka Alkhamis.

2. PwezaMkavu
Bei ya pweza marikiti mnaijua nyie? Mnalilia kisiwa ambacho hata hakipo! Haya, swali moja halafu naondoka. Mwenye kiti anachaguliwa na nani, Wawimbi au mfalme?

3. MtunziWaMwera
Wazee wa Wawimbi hupeleka majina matatu, mfalme anachagua moja.

4. PwezaMkavu
Basi hicho ni kiti cha mfalme kimevishwa kanzu ya Wawimbi. Nilisema naondoka, siondoki tena.

5. BarzaYaJongowe
Pweza usikimbilie. Hata kwetu Zanzibar Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, alikaa Dunga, huku chini ana masheha wake, na wakati huo mwenye nchi ni Sultani wa Kiomani. Kodi ya watu wa mashamba ilipitia kwake, na neno la watu wa mashamba lilipitia kwake kwenda juu. Alipofariki Mwinyi Mkuu wa mwisho 1890 Waingereza walipoingia, ngazi ile ikavunjika. Kiti hata kikiwa cha kupewa ni ngazi. Ukiing'oa utapandia nini?

6. SkuliYaZamani
Sahihisho kwa namba 5. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki 1873. 1890 ni mwaka wa himaya ya Uingereza, miaka 17 baadaye. Na hilo linaigeuza hoja yako, kwa sababu ngazi haikuvunjwa na Mwingereza. Mwenyewe alikufa, hakuwekwa mwengine, basi. Hakuna aliyesimama kukipinga kiti kile, kilikwisha tu. Mtunzi, kitazame vizuri kibuyu chako.

7. BarzaYaJongowe
Ahsante mwalimu, nilichanganya. Ila ngazi ni ngazi.

8. MamaNaila_Wete
Mtoto wa dada yangu alisoma Kupro, upande wa kaskazini. Alipokuja likizo alitusimulia jambo nikadhani ananitania, nikenda kulisoma mwenyewe. Katiba yao ya 1960 iliwapa Waturuki wa kisiwa viti 15 kati ya 50. Fujo za mwisho wa 1963 zilipoanza wakatoka bungeni, hawakurudi. Mwaka 1985 bunge likapanuliwa hadi viti 80, na vya Waturuki navyo vikaongezwa, vikawa 24. Vitupu! Mmewahi kuona watu wakiongeza viti vya wageni ambao wana miaka ishirini hawajaingia nyumbani?

Upande wa pili ndio kama Wawimbi. Wagiriki waliokimbia kutoka kaskazini 1974 mpaka leo wanachagua wabunge wa wilaya ya Kyrenia. Mtu anakaa kusini, kura anapiga kusini, mbunge ni wa kwao asikokaa.

Kwa hiyo mtunzi tujibu: Wawimbi wanangojea kurudi? Mwenye kungojea haachii kiti. Asiyengojea, kiti kwake ni kama sanduku la marehemu, hulifungui wala hulitupi.

9. MtunziWaMwera
Hawawezi kurudi, pale pamebaki maji tu. Ila wazee wakilala bado wanaelekeza kichwa upande ule.

10. KojaniDago
Yakhe, n'kwambieni. Babu yangu mkubwa alitoka Kojani, Pemba, kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa Kenya. Dago la miezi mitatu. Hakurudi. Watoto, wajukuu na vitukuu wote wa kule Shimoni, wanavua kule na kuoa kule. Kitambulisho hawana. Laini ya simu inasajiliwa kwa jina la jirani, mukigombana na jirani na simu imekufa. Mwaka 2023 ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa raia. Mpaka hapo binamu yangu, mtu mwenye mvi, alikuwa hajawahi kushika karatasi ya kura. Nyie hapa mnagombania kiti cha ishirini na moja!

11. SkuliYaZamani
Nyongeza hapo kwa KojaniDago. Wamakonde wa Kwale walitangulia. 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho, 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Kiti hawakupewa, waliingizwa kwenye orodha ya makabila, na kwa waliokuwa wakiingojea orodha hiyo lilikuwa jambo kubwa.

12. MtuWaShumba
Na wale Wapemba waliokimbia risasi za maandamano wakavuka kwenda Shimoni Januari 2001 jee? Zaidi ya elfu mbili. Hao nao tuwaweke upande gani wa hadithi?

13. MlinziWaUzi (msimamizi)
MtuWaShumba, tumekusikia na hakuna aliyesahau. Jambo hilo lina uzi wake, na nisingependa lichanganywe na joka.

14. MtuWaShumba
Sawa. Nimesema tu lisije likapita hivi hivi.

15. WakiliAsiyeNaOfisi
Mtunzi, hivi viti 21 umeviweka makusudi?

Ishirini ukivigawa vinakwenda kumi kwa kumi. Mfalme asiyetaka baraza lake ligande anahitaji kimoja cha ziada. Anampa nani? Anawapa watu waliofika na nguo walizovaa, waliojenga juu ya ardhi yake, ambao mwenye kiti wao anachaguliwa na yeye katika majina matatu. Nyote mmesoma namba 1 mkaona huruma. Mie nimeona mfalme amejipa kura ya ishirini na moja.

Haya kwetu tumeyapitia. Uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961 viti vya kugombewa vilikuwa 22, vyama vitatu: ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. Vile vitatu vya ZPPP vikenda kwa ZNP wakaunda serikali. Kijichama cha watu watatu kikaamua nchi nzima.

16. MtunziWaMwera
Wallahi sikufikiria! Niliandika 21 kwa sababu inasomeka vizuri. Sasa mmenivurugia sura zote, maana sura ya 6 baraza linapiga kura ya kwenda vitani na nilishaandika kumi wanataka, kumi hawataki.

17. PwezaMkavu
Na Mzee Makame alisema nini?

18. MtunziWaMwera
Alisema vita.

19. PwezaMkavu
Vikombe vimeshakusanywa 😂

20. SkuliYaZamani
Wakili, hesabu yako ya Januari 1961 ni sahihi, kilichofuata sicho. ZPPP haikwenda yote upande mmoja. Wawili walikwenda ZNP, mmoja akenda ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundwa. Ndiyo maana uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule, na jimbo moja likaongezwa Pemba ili viti viwe 23, hesabu witiri. Matokeo ya Juni: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Hapo ndipo ZNP na ZPPP walipounda serikali. Na fujo za Juni ile ziliua watu 68, msizisome kama matokeo ya mpira.

Kwa hadithi hii la Januari ndilo tamu zaidi. Ukiwa na kiti kimoja unaweza kununuliwa. Ukiwa na vitatu mnaweza kugawanyika nyie kwa nyie. Anayedhani Wawimbi wakiongezewa viti watasema neno moja, kwanza awatazame ZPPP.

21. WakiliAsiyeNaOfisi
Nimekosolewa na nimekubali, ila umenisaidia kuliko ulivyonipinga. Hebu ongezeni na Julai 1963. ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura, viti ikapata 13 kati ya 31. Kura hizo hazikupotea baharini, zilirundikana pahala pamoja. Sasa huyo Mize akiacha kiti cha mchanga akagombea mjini, nani anachora mpaka wa mtaa? Mikoko ikikatwa vipande vitatu, kila kipande kikatiwa kwenye mtaa wa wenyeji, Wawimbi watapiga kura mpaka vidole viwe vyeusi na hawatapata hata mtu mmoja. Ikiachwa mtaa mmoja watapata kiti kimoja tu, tumerudi pale pale tulipoanzia, bila ya kibuyu.

22. BiShangazi
Wanaume mnahesabu viti, hamjauliza mtu akishakaa anasikilizwa vipi.

Shangazi yangu alikuwa diwani wa viti maalumu. Miaka mitano akisimama anaitwa "mama wa viti maalumu", wenziwe wanaitwa kwa wadi zao. Siku moja aliuliza habari ya mtaro uliojaa. Akaambiwa suala la mtaro amuachie mwenye wadi. Mtaro wenyewe unapita mlangoni kwake! Alikuwa akivua viatu akiingia kwake, ananuka maji yale, na hana ruhusa ya kuyasemea.

Mie sivipingi viti maalumu. Baraza la Wawakilishi letu vya wanawake ni asilimia 40 ya majimbo, na bila ya hivyo wengi wetu tungebaki kupika pilau za kampeni. Ila mwenye kiti cha Wawimbi akitaka kusemea kodi ya samaki wa ufalme mzima, si ataambiwa "wewe semea kisiwa chako"? Kisiwa chenyewe hakipo. Ataisemea nini, chewa?

Na hivyo vikombe, mtunzi, nani anavikusanya? Isije ikawa mke wa Mzee Makame.

23. MtunziWaMwera
...nitarekebisha.

24. MsafiriWaMicheweni
Namba 21 inaogopa mchora mpaka. Mie namuogopa mwenye daftari.

Nilihama Micheweni nikaja Mjini nikiwa na miaka 24. Uchaguzi ukakaribia, nikenda kuandikwa kwa sheha, mkuu wa mtaa. Meza ya mbao, daftari kubwa jekundu mgongoni, na kalamu imefungwa uzi kwenye mguu wa meza isiibiwe, uzi mfupi, ukiandika unainama kama unarukuu. Akanitazama. "Wewe si wa hapa." Nikamwambia nakaa nyumba ile ya mlango wa kijani, unapita kila siku. "Kukaa unakaa. Lakini kwenu siko hapa." Nikapanda boti kurudi kwetu. Sheha wa kule kanichekea, kaniulizia mama, kanipa na chai, halafu akasema, "Mwanangu, wewe ulishahama." Mwaka ule sikupiga kura pahala popote. Nauli ya boti kwenda na kurudi nilikopa.

Kwa hiyo Mize akigombea mjini swali la kwanza ni nani anaandika kwamba Mize ni wa mjini. Akikataa mchanga wazee watamfuta kwao. Mjini nako hawatamuandika. Mtunzi, sura hiyo naiweza kukuandikia mimi.

25. WakiliAsiyeNaOfisi
Kisheria ni ukaazi wa miezi 36 mfululizo, si "kwenu wapi". Alikukosea.

26. MsafiriWaMicheweni
Miezi 36 anaithibitisha nani? Yeye yeye mwenye kalamu ya uzi.

27. SkuliYaZamani
Na uchaguzi wa 1995 sharti lilikuwa miaka mitano, kwa hiyo waliokuja kabla yako walisubiri zaidi. Sisemi kukufariji.

28. PwezaMkavu
Nina suluhisho la bure. Mchanga ukikaribia kwisha, mtu aende Nungwi ajaze kibuyu. Mchanga ni mchanga.

29. FundiSaruji
Thubutu! Mchanga Unguja hii unauchukua bila kibali? Hao Wawimbi watakamatwa na kibuyu chao.

30. BarzaYaJongowe
Pweza unacheka lakini jambo zito hilo. Mtu akila yamini kwa mchanga wa uongo, kiapo chake kimeshika au hakikushika?

31. FundiSaruji
Kama haujachanganyika na udongo utashika vizuri.

32. KojaniDago
😂😂 Na nani alijuaje kwamba kibuyu hakijawahi kujazwa tayari? Miaka 60, mabibi wangapi wamekishika? Mie ningekuwa bibi ningeshatia.

33. MtunziWaMwera
KojaniDago nyamaza!!! Hiyo naichukua.

34. KijanaWaMtoni
Nyote mnamzungumzia Mize kama msaliti au shujaa. Mie Mmakonde kwa baba, Mtumbatu kwa mama, nimezaliwa Mtoni. Nikiulizwa "wewe nani" najibu kwa kutegemea anayeuliza. Kwa nini achague mara moja tu? New Zealand wana viti vya Wamaori tangu 1867, walianza na vinne, siku hizi ni saba, na Mmaori mwenyewe ndiye anayechagua aandikwe daftari la Wamaori au la watu wote. Mpeni Mize daftari mbili achague.

35. MamaNaila_Wete
Zuri, ila Wamaori hawakuzamishiwa kisiwa, wapo kwao. Kama mnataka mfano wa waliohamishwa, tazameni bunge la Azad Kashmir, upande wa Pakistani. Lina viti 12 vya wakimbizi wa Kashmir waliotawanyika ndani ya Pakistani kwenyewe. Na malalamiko ya wenyeji ni yale yale ya Wakili: viti vile viko mbali, aliyeko madarakani makao makuu ndiye anayevipata kwa urahisi, halafu vinakuja kuamua serikali ya watu wengine. Wenye viti nao wanajibu, mkivifuta mmetufuta na sisi. Kila upande una haki yake, ndiyo tabu yenyewe.

36. AbuuSalma
Nimechelewa, kifurushi kiliisha. Nyote mmekaa kwenye baraza, hakuna aliyeingia serikalini. Kiti cha kusema si kiti cha kuamua. Sisi Zanzibar kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ya serikali ya umoja wa kitaifa, waliosema ndiyo walipita asilimia 66, na kilichobadilika hakikuwa idadi ya viti vya kusemea. Chama cha pili kikapata Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri ndani ya serikali yenyewe. Mfalme awape Wawimbi waziri. Kibuyu wakiweke kabatini.

37. PwezaMkavu
Waziri wa nini? Wa ngalawa?

38. AbuuSalma
Wa hazina.

39. PwezaMkavu
Hapo hadithi imekuwa ya kubuni kweli.

40. BarzaYaJongowe
AbuuSalma, serikalini unaingia na ulimi umefungwa. Ukiwa waziri huwezi kuipinga serikali uliyomo, na uliowaacha nje watasema umeshiba. Nimeyaona. Bora asemae wa mwisho kuliko aliye ndani asemwe.

41. AbuuSalma
Na aliye nje asemae wa mwisho amepata nini miaka 60? Soma namba 18.

42. BiShangazi
Bado sijajibiwa vikombe anakusanya nani.

43. MtunziWaMwera
Ahsanteni nyote. Nilikuja na msimamo, sasa sina hata mmoja. Mpaka hivi nimeamua mawili tu. Vikombe anakusanya Mize mwenyewe, tangu ana miaka kumi, kwa hiyo yote yaliyosemwa pale ameyasikia kuliko babu yake. Na sura ya 14 inaanza na sheha, daftari na kalamu ya uzi. Msafiri nikutumie uisome kwanza.

44. MsafiriWaMicheweni
Nitumie. Usisahau mlango wa kijani.

45. Mgeni_Mkoani
Samahani wadau, mie mgeni, nimesoma uzi wote kwa mara moja. Nina swali dogo. Joka liligeuka usingizini kwa nini? Maana kama kuna mtu aliliamsha, tuseme wapiga mbizi wa mfalme wakitafuta lulu, basi kiti hicho walichopewa siku ile ile walipofika hakikuwa sadaka. Kilikuwa fidia. Na fidia haipungui kwa sababu mchanga umekwisha.

46. MtunziWaMwera
Wewe nani kakuonesha sura ya 22?

47. PwezaMkavu
Mie nilijua tu. Haya turudini namba 1 tuanze upya.